Dhahabu ya kwenye karatasi: hazina katika mchezo wa Dungeons & Dragons tangu 1974

Leo tunaacha kidogo habari za barabara na bei ya unga. Wazazi wengi wametuuliza juu ya michezo ya simu wanayocheza vijana: sanduku linafunguka, upanga unaong'aa unatoka, kijana anashangilia, na mega za nyumba nzima zimekwisha. Mzazi mmoja akauliza swali lililonipendeza zaidi: nani hasa alibuni jambo hili la masanduku? Nimesoma, na jibu linatupeleka mbali na simu, kwenye meza yenye karatasi, penseli na dadu.

Mahali penyewe ni Lake Geneva, mji mdogo kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Huko aliishi Gary Gygax. Alikuwa mfanyakazi wa bima Chicago hadi alipopoteza kazi mwaka 1970, kisha akawa fundi viatu nyumbani kwake, akitengeneza viatu vya watu huku akiandika kanuni za michezo ya vita. Baba wa watoto wengi, mfuko mwembamba. Mwenzake alikuwa Dave Arneson, kijana aliyesoma historia kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1973 Gygax na rafiki yake Don Kaye walianzisha kampuni ndogo iliyojulikana baadaye kwa herufi TSR, na Januari 1974 wakatoa mchezo wa Gygax na Arneson: boksi lenye vijitabu vitatu, nakala 1,000 za kwanza, dola 10 kila moja. Kijitabu cha pili kilibeba jina lenye mambo mawili tu, mazimwi na hazina. Mchezo wenyewe ukaitwa Dungeons & Dragons, yaani mahandaki na majoka.

Kwa asiyeujua, unachezwa hivi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo: yeye ndiye anayesimulia, anaeleza kuna mlango gani, nyuma yake kuna sauti gani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji, mchawi, padri au mwizi, ambaye maisha yake yote yameandikwa kwenye karatasi moja. Mwendesha mchezo anasema, "Mnaona ngazi zinazoshuka gizani." Wachezaji wanajibu watafanya nini. Panapokuwa na mashaka, dadu zinaamua. Ni kama hadithi za jioni kwa bibi, ila hapa msikilizaji anaruhusiwa kumkata msimulizi na kusema: mimi siingii humo, nazunguka nyuma.

Sasa tatizo lililowakabili waanzilishi. Walitoka kwenye michezo ya vita, ile ya askari wadogo wa risasi waliopangwa juu ya meza. Katika mchezo wa vita ushindi unaonekana: jeshi la mwenzako limekwisha, umeshinda, tunakwenda kulala. Mchezo mpya haukuwa na mshindi wala mwisho. Mhusika wako leo ni kijana asiyejua kitu, na baada ya miezi anatakiwa awe mtu wa kuogopwa. Utapimaje kwamba amekua? Kipimo walichochagua kilikuwa dhahabu. Sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa mahandakini ilikuwa sawa na pointi moja ya uzoefu, na pointi zikitosha, mhusika anapanda daraja.

Kuua mazimwi nako kulitoa pointi, na mwanzoni kulitoa nyingi: 100 kwa kila kiwango cha nguvu cha zimwi. Lakini mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, Gygax alizipunguza vikali. Tangu hapo hesabu ikawa ya ajabu kidogo, na hapa naomba mnifuate polepole kwa sababu ndipo penye kiini cha habari hii.

Chukua kanuni za wanaoanza zilizochapishwa 1981. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 ili kufika daraja la pili. Kibwengo mmoja aliyeuawa, yule zimwi mdogo mwenye kisu, analeta pointi 5. Kwa hiyo mpiganaji anayetegemea kuua peke yake anahitaji vibwengo 400, na kila kibwengo ana nafasi yake ya kumuua yeye kwanza, kwa kuwa mpiganaji wa daraja la kwanza alikufa kwa pigo moja au mawili. Upande mwingine kuna sanduku moja la sarafu 2,000 lililofichwa nyuma ya vibwengo wale wale. Mwenye akili alifanya nini? Alitafuta njia ya kufika kwenye sanduku bila kukutana na vibwengo. Aliwahonga kwa chakula. Aliwasubiri walale. Aliwadanganya kwamba adui yao anakuja upande wa pili. Kanuni zenyewe zilisaidia, maana mazimwi hawakuwa lazima washambulie: mwendesha mchezo alitupa dadu mbili kujua kama wana hasira, wana mashaka au wako tayari kuzungumza.

Watu wasioujua mchezo huu hudhani ni mchezo wa kuchinja. Ulivyoandikwa zamani, aliyechinja sana alikuwa mchezaji mbaya, aliyekufa mapema na mifuko mitupu. Wahusika walikuwa wezi wa makaburi, ndiyo, sitawasafisha. Lakini kipimo kilipokuwa mali, mapigano yalikuwa gharama, na hakuna anayependa gharama.

Kulikuwa na sharti jingine. Dhahabu haikuhesabiwa mpaka ifike salama nje. Na dhahabu ni nzito. Katika kanuni hizo za zamani sarafu 10 zilikuwa na uzito wa pauni moja, kwa hiyo sarafu 2,000 ni pauni 200, karibu kilo 90, karibu mifuko miwili ya saruji. Mtu mmoja aliruhusiwa kubeba sarafu 1,600 tu kwa uzito, basi. Asiye na mzigo alitembea futi 120 katika dakika kumi za mchezo. Aliyejaza hadi 1,600 alitembea futi 30, yaani robo ya mwendo, gizani, huku mafuta ya taa yakipungua na kitu fulani kikimfuata. Aliyewahi kuondoka nyumbani usiku na godoro kichwani na mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa kanuni hii. Mezani vijana wa Wisconsin waligombana saa nzima: tuache shaba tuchukue fedha? Tutupe kamba? Tumwache aliyejeruhiwa? Vito vilipendwa kuliko vyote, maana kito kimoja kilihesabiwa uzito wa sarafu moja na kingeweza kuwa na thamani ya mia. Ni hesabu ile ile ya mama anayeshona dola kwenye pindo la kitenge badala ya kubeba sufuria zote. Huko Lake Geneva hawakuwa na chukudu, ila walikuwa na nyumbu na wapagazi wa kukodi, na mpagazi naye alitaka sehemu yake.

Mgawo wenyewe ulikuwa wa waliobaki hai. Aliyekufa ndani hakuhesabiwa. Sheria hiyo ina harufu mbaya kidogo, na vikundi vingine viliizoea upesi.

Arneson alikuwa na wazo jingine, na kwangu ni zuri kuliko la Gygax. Katika mchezo wake wa Blackmoor, aliouanza Minnesota mwaka 1971 kabla hata ya boksi kutoka, alitumia utaratibu ambao maelezo yake yalichapishwa mwaka 1977: dhahabu ilikuletea uzoefu pale tu ulipoitumia, na kuitumia kwa jambo ambalo mhusika wako analipenda. Mmoja alilewa nayo. Mwingine aliitoa kwa dini yake. Mwingine alitafuta sifa, mwingine alikusanya vitu vya kupendeza. Dhahabu iliyokaa chini ya kitanda ilikuwa chuma tu. Ukisikiliza namna mchezaji anavyotumia mali yake unamjua mhusika wake vizuri kuliko kwa kuhesabu maadui aliowaua. Arneson aliondoka kwenye kampuni mwaka 1976, akaenda mahakamani mwaka 1979 juu ya haki zake za utunzi, na wakapatana mwaka 1981. Utaratibu wake haukuwahi kuwa kanuni kuu.

Gygax naye alilazimika kuzipunguza sarafu, kwa maana zilikuwa zimejaa mno. Katika kitabu chake kikubwa cha waendesha mchezo cha 1979 aliandika kwamba mhusika hapandi daraja bila kumlipa mwalimu, na ada ilikuwa sarafu 1,500 kwa wiki ukizidisha kwa daraja lake. Ukifika daraja la nne, wiki moja ni 6,000. Kitabu chake cha wachezaji, cha 1978, kinaeleza kwa nini bei za mjini ni kali hivyo. Gygax anamwambia msomaji afikirie miji ya Alaska wakati wa mbio za dhahabu, ambako yai moja liliuzwa dola moja na vifaa vya kuchimbia viliuzwa kwa makumi ya dola. Sehemu hiyo nilipoisoma nilicheka peke yangu. Yeyote aliyefika kwenye kareri zetu, Ituri au Kivu ya Kusini, anajua bei ya soda juu ya mlima wa dhahabu, na anajua nani anayetajirika zaidi, mwenye sururu au mwenye duka. Fundi viatu wa Wisconsin aliliona jambo hilo na akaliweka kwenye mchezo.

Tuje kwenye vitu vya uchawi. Sanduku halikuwa na sarafu peke yake. Waandishi walichota kila mahali. Panga zenye jina na tabia zilitoka kwenye hadithi za kale za Ulaya na riwaya za wakati wao. Kutoka Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo Waswahili wa pwani wanazijua kwa lugha yao, vijitabu vya 1974 vilichukua zulia linalopaa, majini, na chupa yenye ifriti ndani yake. Kwa hiyo kijana wa Marekani aliyezibua chupa mezani mwaka huo alikuwa anarudia hadithi ambayo jahazi lilikuwa limeifikisha Zanzibar zamani sana.

Katika vijitabu hivyo vya kwanza upanga wa uchawi ulikuwa karibu mtu. Ulikuwa na akili iliyopimwa kwa dadu, ulikuwa na majivuno, ulikuwa na upande wake katika vita vya wema na ubaya, na ukiokotwa na mtu wa upande usio wake ulimjeruhi mkononi. Ukiwa na nguvu kuliko mwenye kuubeba, upanga ndio ulioamua waende wapi. Kulikuwa na mfuko uliobeba sarafu 10,000 kwa uzito wa 300, ndoto ya kila aliyebeba mzigo. Na baadaye ukaja ndugu yake, unaofanana naye kabisa, unaokula kila unachoweka ndani. Huwezi kujua ni upi mpaka uujaribu. Kitabu cha nyongeza cha 1976 kilileta Jicho na Mkono wa Vecna, mchawi aliyeharibika zamani. Vina nguvu nyingi sana, lakini anayetaka jicho lazima ang'oe la kwake, na anayetaka mkono lazima aukate wa kwake. Wachezaji waliokubali bei hiyo walikuwapo, tena wengi.

Najua baadhi yenu mnasema: huu si uchawi? Swali hilo liliulizwa Marekani pia, kwa kelele. Miaka ya 1980 wazazi na makanisa kadhaa waliushutumu mchezo kwamba unawafundisha watoto mambo ya shetani. Kampuni iliogopa kiasi kwamba toleo la pili, mwaka 1989, liliyaondoa majina ya pepo na mashetani na kuyapa majina ya kubuni. Uchawi wa mchezo huu ni orodha na dadu. Hakuna anayefundishwa kutengeneza hirizi. Kila mzazi ataamua kwa nyumba yake.

Ugomvi uliodumu zaidi ulikuwa wa kipimo: kiasi gani ni kingi mno? Mwendesha mchezo anayetaka kupendwa hutoa zawadi. Wiki hii upanga, wiki ijayo mkufu, wiki inayofuata wahusika wote wamejaa silaha na hakuna zimwi linaloweza kuwatisha, na mchezo unakufa kwa shibe. Tayari katika miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa na jina la kuwacheka waendeshaji wa namna hiyo, walilolichukua kwa Monty Hall, mtangazaji wa televisheni aliyegawa zawadi nyuma ya milango. Gygax alikuwa mkali sana juu ya hili. Katika handaki lake la kaburi, lililochezwa kwenye mashindano mwaka 1975 na kuchapishwa 1978, hazina ilikuwa chambo. Pale kuna uso wa kijani wa shetani ukutani, mdomo wazi, giza ndani. Anayeingia akidhani ni njia anatoweka moja kwa moja pamoja na mali yake yote.

Kisha kanuni ikabadilika, na haikubadilika kwa kelele. Toleo la 1989 liliifanya dhahabu kuwa kipimo cha hiari tu. Kampuni ikauzwa kwa Wizards of the Coast mwaka 1997, na toleo la tatu la mwaka 2000 likaiondoa kabisa: uzoefu sasa ulitokana zaidi na kuwashinda mazimwi na kuvuka hatari. Hazina haikupotea, ilihamia sehemu nyingine. Liliwekwa jedwali la mali ambayo mhusika wa kila daraja anapaswa kuwa nayo, sarafu 49,000 kwa daraja la kumi, 760,000 kwa la ishirini. Kila kitu cha uchawi kikapewa bei. Upanga mrefu wenye nguvu kidogo tu ya uchawi, sarafu 2,315. Mhusika aliyepungukiwa na jedwali alikuwa dhaifu kuliko mazimwi aliyopangiwa, kwa hiyo ilibidi anunue.

Matokeo yalionekana mezani. Wachezaji ambao zamani wangewahonga vibwengo, sasa waliwapiga, kwa sababu kibwengo ndiye mwenye pointi. Upanga uliokuwa na jina na majivuno ukawa bidhaa ya rafuni: huu una moja, ule una mbili, nipe wa mbili, huu uuze. Toleo la 2008 lilifika mahali pa kuviandika vitu vya uchawi kwenye kitabu cha mchezaji mwenyewe, na mwendesha mchezo akashauriwa kupokea orodha ya mapendeleo. Mimi naona hapo ndipo kitu kilipokatika. Unachokiagiza hakiwezi kukushangaza, na hakiwezi kukuuma mkono.

Toleo la 2014 lilirudi nyuma kidogo: mhusika hawezi kufungamana na zaidi ya vitu vitatu vyenye nguvu kwa wakati mmoja, na mazimwi yalihesabiwa ili yaweze kushindwa bila vitu hivyo. Gygax alikuwa amefariki mwaka 2008, Arneson mwaka 2009. Wakati huo huo watu waliokumbuka mchezo wa zamani walianza kuzichapisha upya kanuni zake kwa majina mengine, kuanzia 2006, na sarafu moja ikawa tena pointi moja kwenye meza nyingi.

Kwa yule mzazi aliyeuliza juu ya simu, mkondo wake ni huu. Wanafunzi wa vyuo waliocheza mezani walianza kuhamishia mahandaki kwenye kompyuta. Rogue ya mwaka 1980 ni mfano unaojulikana, na ndani yake kompyuta yenyewe ilitupa dadu na kuficha hazina. Miaka ya 1990 mchezo wa Diablo ulivipaka vitu rangi kulingana na uadimu wake, mazimwi wakafa kwa mamia na kudondosha vitu kama embe wakati wa upepo. Mwendesha mchezo, yule mtu mwenye macho anayeona kwamba leo mmeshiba, hayupo tena. Hatua iliyofuata ilikuwa kuuza sanduku lenyewe kwa pesa za kweli, bila mnunuzi kujua kilichomo. Ubelgiji ilichunguza jambo hilo, na Aprili 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ikaamua kwamba masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa ni kamari chini ya sheria ya nchi hiyo. Baadhi ya kampuni ziliacha kuyauza huko. Mzazi anaweza kuangalia kwenye simu kama ununuzi wa ndani ya mchezo umefungwa kwa namba ya siri, ni dakika mbili.

Na kwa vijana wa kambini walioomba mchezo wa mvua na giza, usiohitaji chaji: kanuni za msingi za Dungeons & Dragons ziliachiliwa bure Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na baadaye mwaka huo zikatoka kwa Kifaransa pia. Zinapakuliwa mara moja. Dadu ya pande ishirini mtaikosa, lakini vipande ishirini vya karatasi vyenye namba ndani ya kofia vinafanya kazi hiyo hiyo. Mkitaka kanuni ya Arneson iliyo juu, ya dhahabu inayohesabiwa ikitumika tu, andikeni wenyewe pembeni kwa penseli. Mtuambie kwa ujumbe wahusika wenu waliitumia kwa nini.